Pale Taa Inapopotea

Pale Namatala, mtaa wa Mbale, karibu kila mtu aliyekula nyama alikula iliyopita mkononi mwake, lakini yeye mwenyewe alipenda malewa. Ukimpelekea sahani ya nyama siku ya harusi, ataisogeza kwa adabu kisha atauliza kama hakuna machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, kama wanavyopika watu wa mlima Wanale.

"Nyama nimeiona sana," alikuwa akisema. "Malewa hayajawahi kunitazama."

Wazee wenzake walimwita Hajji, ingawa hakuwahi kufika Maka. Vijana wa bodaboda walimwita Afande. Mimi hapa nitamwita Mchinjaji. Jina analo, lakini hakupenda liandikwe mahali, na sababu zake nitazieleza.

Nilikuwa nakaanga chapati kwenye uchochoro unaoelekea machinjioni, naye alipita kila asubuhi. Mimi ni mtu wa aibu. Wateja niliwajibu kwa kichwa, na siku nyingine kwa mwiko. Shule niliishia darasa la saba, na Kiswahili hiki ninachoandika nimekipata kwake. Nyumbani mama hakukitaka. Alisema ni lugha ya watu waliogonga milango kwa kitako cha bunduki. Mchinjaji aliposikia hivyo alicheka mpaka akaegemea meza yangu.

"Nyinyi wa mlimani," alisema, "mnakiogopa Kiswahili kama vile kimevaa buti. Sema, 'Karibu mzee, chapati ziko moto.'"

"Karibu mzee."

"Na chapati je, ziko baridi?"

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, sentensi moja kwa chapati moja.

Jina la Afande alilichukia. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Ni mtu wa jamii ya Wanubi tu, ambao babu zao waliletwa kama askari kutoka Sudani, na kwa watu wengi hilo lilitosha. Lakini kijana akipita bila kusalimu, Mchinjaji alikuwa akinguruma, "Wewe! Simama! Geuka nyuma!" na kijana anasimama na kugeuka, tena bila kujua kwa nini. Nilimwambia mara moja kwamba ndiyo maana wanamwita Afande. Akaninyamazia siku nzima, na chapati akanunua kwa jirani.

Kisu chake hakuna aliyekigusa. Alikinoa nyumbani, mlango umefungwa, kwa sababu mnyama hatakiwi kuona kisu kikinolewa, na yeye aliongeza kwamba hata mtoto na mwanamke mwenye mimba hawatakiwi. Alikibeba nyuma ya mgongo, kimefunikwa kwa kitambaa. Akifika kwa ng'ombe hakuzungumza na watu tena. Alitaja jina la Mungu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi, kisha akapitisha kisu mara moja. Mara moja tu. Hilo ndilo lililokuwa sharti lake na fahari yake.

"Kisu kikiinuka kikarudi," alisema, "hapo hujachinja. Umepasua kuni."

Aliyekuwa mchinjaji kabla yake alikuwa mzee aliyeanza kutetemeka mkono. Siku moja ya Idi, mbele ya watu wote, huyu wetu, wakati huo bado ana nguvu, alinyoosha kiganja akamwambia, "Baba, nipe." Mzee alimpa. Watu wanasema alikwenda nyumbani hajavaa viatu, na kwamba hakuonekana msikitini kwa muda mrefu. Mchinjaji alinisimulia hayo mwenyewe, bila kujisifu na bila kujuta. Alimalizia hivi: "Haki yake ilikuwa imekwisha. Na yangu itakwisha."

Sikufikiri kwamba ilikuwa imeshaanza kwisha.

Dalili ya kwanza niliiona mimi, na niliiona kwenye sahani. Nilimwekea chapati, akaitazama, akakunja uso.

"Mbona hii umeitoboa katikati?"

Nilitazama. Ilikuwa nzima.

"Haijatobolewa, mzee."

Akageuza uso kidogo, kama anayetazama bega langu. "Ah," akasema. "Imeziba." Akaila.

Baada ya hapo nilianza kumwangalia. Alikuwa akimsalimu mtu huku macho yake yakiwa kwenye sikio la mtu huyo. Watu walianza kunong'ona kwamba amekuwa na maringo, hataki kumtazama mtu usoni. Wengine walisema ana deni la dhambi. Ukweli ni kwamba akikutazama usoni, uso wako ulikuwa haupo. Pembeni aliona vizuri: mkono, mguu, kuku anayepita. Katikati palikuwa na kiwingu. Naye alikuwa amejifunza, peke yake na kwa siri, kutupa jicho kando ili kitu kitokeze. Kwa ujanja huo aliendelea kuchinja. Akitaka kuiona shingo, alitazama pembe.

Siku moja alinijia mapema, kabla sijawasha sigiri.

"Wewe huna maneno," alisema. "Kesho twende Jinja."

"Kufanya nini, mzee?"

"Si nimesema huna maneno?"

Hapo Mbale alikuwa ameshaonwa na mtu wa macho, ambaye alimwelekeza kwenye kliniki yenye mashine, huko Jinja, upande wa Nalufenya. Alikuwa amekaa na habari hiyo miezi kadhaa bila kwenda, na haikuwa kwa sababu ya mashine. Tangu vita viishe hakuwa amekanyaga Jinja.

Vita vilipouondoa utawala wa wanajeshi, watu wa jamii yake waliwindwa. Haikujalisha kama ulikuwa askari au mshona viatu. Yeye alikuwa Jinja, kijana, anafanya kazi ya nyama sokoni. Mwanamke mmoja wa Kisoga aliyeuza mkaa Nalufenya alimficha nyuma ya duka lake, katika stoo isiyo na dirisha, nyuma ya magunia. Humo alikaa mpaka ndevu zikamfika kifuani. Ukutani kwenye mabati palikuwa na tundu la msumari. Kwa jicho moja aliona kipande cha barabara, kidogo kama sarafu.

"Niliona watu viuno," aliniambia. "Kichwa sikioni, miguu siioni. Kiuno kinapita, najua huyu ni yule muuza maziwa. Mkanda wa risasi unapita, najua niache kupumua."

Mwanamke yule alimpitishia uji na kumwambia habari za nje kwa kukohoa: kikohozi kimoja, tulia, viwili, lala chini. Alipotoka, nchi ilikuwa inajaribu kujishona upya. Alikuja Mbale kwa sababu hakuna aliyemjua. Namatala ilikuwa haina mchinjaji imara, ng'ombe walikuwa wachache, familia kumi zikigawana mbuzi mmoja. Akashika kisu. Lakini jina lake kamili hakulitoa tena, na mlango wa nyumba yake, isipokuwa saa ya kunoa, ulikaa wazi mchana kutwa, mvua inyeshe au isinyeshe.

Sasa mfikirie mtu huyo akiingizwa katika chumba cha kupiga picha za macho.

Aliyepiga picha alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya chini. Alimtia matone ya kupanua mboni, tukasubiri, kisha akatuingiza katika chumba kidogo, akavuta pazia na kuzima taa. Mchinjaji akasimama papo hapo.

"Fungua mlango."

"Mzee, lazima pawe giza, la sivyo picha itaharibika."

"Binti, nimesema fungua."

Walibishana kwa heshima, kila mmoja akimwita mwenzake mzee na binti, mpaka wakakubaliana kwamba mlango utafungwa lakini mimi nitakaa nimeshika kitasa. Na nizungumze, ili ajue nipo. Mimi! Nilishika kitasa.

"Sema kitu!" akanguruma, kidevu kikiwa kwenye kibao cha mashine na paji la uso kwenye mkanda.

"Unga," nikasema. "Unga unautia chumvi. Maji ya moto kidogo. Unakanda."

"Endelea."

"Unakanda mpaka usishike mkononi. Unaacha upumzike."

"Hivi ndivyo tunavyomshika ng'ombe," akasema kwa meno yaliyobanwa. "Binti, unanipiga picha au unanilaza?"

Dada yule alicheka, lakini hakuharakisha. Alisogeza mashine, akamwelekeza polepole jicho liende wapi, akarudia mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Mwanga ukapiga. Nilikuwa nimefika kwenye kukunja chapati.

Baadaye alituonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Sehemu ya nyuma ya jicho ni ya rangi ya chungwa, nayo ina mishipa inayotawanyika kama mizizi. Katikati, pale mtu anapoonea uso na herufi na shingo ya ng'ombe, Mchinjaji alikuwa na kiraka cheupe, kama chokaa iliyobanduka. Katika jicho la kushoto kilikuwa kikubwa. La kulia kilikuwa kidogo, kimegusa ukingo wa kitovu cha jicho, hakijakifunika. Picha nyingine ilionyesha jicho kana kwamba limekatwa kwa upande, matabaka juu ya matabaka, kama chapati ya kukunja ukiipasua, na pale kwenye kiraka matabaka yamelala.

Daktari alieleza kwamba aina hiyo ya ugonjwa haina dawa ya kuurudisha nyuma. Lakini ikitokea maji au damu vikavuja humo, sindano inaweza kusaidia ikiwahi. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache arudi, apigwe picha mahali pale pale, waziweke kando kwa kando waone mpaka wa kiraka umesogea kiasi gani.

Mchinjaji aliuliza swali moja tu. "Mpaka lini nitaiona shingo?"

"Picha zitatuambia, mzee."

Njiani kurudi aliniambia, "Umesikia. Sitasubiri mtu aninyooshee kiganja mbele ya watu. Siku picha ikisema, nitaweka kisu mwenyewe. Kabla ya picha, hakuna." Nikaona amepata hakimu, na kwamba hakimu huyo amempunguzia mzigo.

Safari ya pili dada yule hakuwapo. Kulikuwa na kijana anayemshikia zamu, mkarimu, mwenye haraka. Foleni ilikuwa ndefu. "Tazama taa ya kijani, mzee. Umeiona?"

"Nimeiona!" alisema Mchinjaji, kwa furaha ya mtoto. "Naiona vizuri kabisa."

Mwanga ukapiga kabla sijamaliza kutia chumvi. Kijana alitazama picha akasema kiraka anakiona kidogo kuliko mwanzo, lakini tumsubiri daktari ambaye yuko chumba cha upasuaji. Mchinjaji hakusubiri. Alikuwa ameshasimama, kofia kichwani.

"Kimepungua," aliniambia nje. "Umesikia mwenyewe. Kimepungua."

Siku chache baadaye ilikuwa Idi ya kuchinja. Mimi nilikuwa na karai langu ukingoni mwa uwanja, na nilimwona akija, kisu mgongoni, mwepesi kama mtu aliyelala vizuri. Ng'ombe wa kwanza alilazwa. Aliyeshika kichwa alikuwa yule aliyekishika siku zote, Mgisu wa mlimani, mnene, asiye na haraka, ambaye tulimwita Mshika Kichwa.

"Muzee, iko tayari," alisema.

Mchinjaji aliinama, akatazama pembe, akataja jina la Mungu, akapitisha kisu. Kisha kisu kikasimama. Kikainuka. Kikarudi.

Ilikuwa haraka sana. Ng'ombe alikata roho kama ng'ombe wote, na damu ilitoka kama inavyotoka. Lakini kila mtu uwanjani aliona, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha cha kutazama.

"Ng'ombe ilicheza," alisema Mshika Kichwa, akimtazama imamu. "Mimi ndiyo nilishika vibaya."

"Ng'ombe hakucheza," alisema Mchinjaji. "Wewe ulimshika vizuri. Kisu changu kimerudi."

Imamu alimsogelea. "Hajji, kimerudi papo hapo. Wapo wanazuoni wanaoona nyama hiyo inafaa."

"Wapo," akajibu. "Mimi simo."

Nyama ililiwa. Mtu mwingine alichinja waliobaki. Hakuna aliyenyoosha kiganja kumwambia alete kisu, na nadhani hilo lilimwumiza zaidi. Alipita mbele ya karai langu na kisu mkononi, hakijafunikwa, akasema, "Ni mkono. Jicho ni zima, picha imesema. Huu ni mkono umezeeka."

Wiki nzima aliukanda mkono ule kwa mafuta ya moto. Aliushika mbele yake, akautazama kwa pembeni, akingoja utetemeke. Haukutetemeka. Siku ya saba alikuja kwangu na kuuweka juu ya meza, penye unga.

"Unatetemeka?"

"Hapana, mzee."

"Tazama vizuri, mtoto!"

"Hautetemeki."

Akapangusa unga kwenye kiganja. Kisha akasema, "Twende Jinja wakanithibitishie."

Dada wa picha alikuwa amerudi. Alifungua picha ya kwanza, na kando yake ya pili, na sikuhitaji kujua kazi yake ili nione uso wake umebadilika.

"Hizi si mahali pamoja," alisema. "Mshipa huu, hapa uko juu. Pale umekwenda pembeni kabisa. Mzee, siku ile ulitazama wapi?"

"Kwenye taa."

"Na uliiona?"

"Niliiona kuliko ninavyokuona wewe."

Alishusha pumzi. "Mzee wangu, ungeitazama moja kwa moja, usingeiona. Umeitazama kwa jicho la kando. Kiraka kimebaki nje ya picha, tumepata ukingo wake tu."

Ujanja ule Mchinjaji aliojifunza peke yake, wa kuona shingo kwa kutazama pembe, ndio aliokuwa ameupeleka mbele ya mashine, na mashine ikapiga ilichoonyeshwa.

Pazia likavutwa. Nikashika kitasa.

"Itafute taa," alisema dada. "Umeipata?"

"Nimeipata."

"Sasa peleka jicho mpaka ipotee. Ikipotea, tulia hapo hapo."

"Unanituma gizani."

"Ndiyo, mzee. Ndipo penye ugonjwa."

Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia pumzi yake, fupi fupi, na nikajua sasa hivi atasimama, atanisukuma, atatoka. Nilianza kusema habari za unga bila kuombwa. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kuitoa mbele ya watu: chumvi, maji, kanda, acha upumzike, gawa, sukuma, paka mafuta, kunja.

"Imepotea," alisema.

"Tulia."

"Imepotea, binti. Piga!"

Mwanga ukapiga. Halafu jicho la pili, vivyo hivyo.

Kiraka cha jicho la kulia, lile tulilokuwa tunalilinda, kilikuwa kimekifunika kitovu. Daktari alipanga picha mbili zile za kweli, ya kwanza na ya tatu, akafuatisha mpaka kwa kidole, kama mtu anayeonyesha mto ulivyokula shamba. Hapakuwa na maji wala damu, kwa hiyo hapakuwa na sindano. Arudi baada ya miezi michache. Na baada ya hapo tena.

"Mpaka lini?" aliuliza Mchinjaji.

"Daima, mzee. Siku jicho likivuja, tuliwahi mapema."

Nje jua lilimchoma, mboni zikiwa zimepanuka. Tulisimama kwenye kivuli cha duka la simu. Sijui kama lile lilikuwa ndilo duka la mkaa la zamani, naye hakusema. Alisema tu, "Wakati ule niliona katikati, kando nisione. Sasa naona kando. Chumba ni kile kile, wameuhamisha ukuta."

Tuliporudi alimwita Mshika Kichwa kwenye meza yangu, mchana, wakati hakuna wateja. Aliweka kisu juu ya unga, kimefunikwa.

"Muzee, hii nikae nayo?" aliuliza yule bwana mnene, na mikono yake ilikuwa nyuma.

"Kaa nacho. Usikinoe mbele ya mtoto."

Basi Mchinjaji akaingia ndani kwake. Mlango ambao siku zote ulikuwa wazi sasa aliufunga. Vijana wa bodaboda walipita wakaita, "Afande! Macho iko sawa?" na hakuna aliyewaamuru wageuke nyuma. Alitoka kwa ajili ya sala, na kwa ajili ya Jinja, kupigwa picha, nami nikishika kitasa. Kila mara kiraka kilikuwa kimeongezeka upana wa uzi. Kila mara dada alimwambia vizuri, mzee, umetulia vizuri, na kila mara yeye aliuliza kuna faida gani kumsifu ng'ombe kwa kutulia.

Mara ya mwisho nilimkuta nyumbani kwake Idi iliyofuata. Mshika Kichwa alikuwa amechinja tangu asubuhi, peke yake, hana mzee wa kumsimamia. Alipomaliza ng'ombe wa kwanza alikata kipande cha shingo, hapo hapo penye jeraha la kisu, akakifunga kwenye jani la mgomba na kunipa nikipeleke. "Mwambie muzee aangalie," alisema, akapangusa jasho. Alikuwa anaogopa.

Nilibisha, nikaingia. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, kanzu safi, hajaenda popote tangu sala. Nilimwambia nimetumwa na nani na nimebeba nini. Alinyoosha mikono yote miwili, nikaweka jani juu yake.

Hakujaribu kulitazama. Alifungua jani, akatafuta ukingo wa jeraha kwa kidole gumba, akaanza mwanzoni na kwenda polepole. Alipita ngozi, alipita koo, alipita mshipa mmoja na wa pili. Alifika mwisho. Akarudi mwanzoni, akaenda tena, na safari hii alibonyeza, akitafuta mahali kisu kiliposimama, kilipoinuka, kilipokosea hata unyoya. Kidole hakikukwama popote.

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za sikukuu.

Alifunika jani. Alinirudishia kwa mikono miwili, kama alivyolipokea.

"Hata mahali pa kugombana hakuniachia," alisema. "Mpelekee mama yako, akapike."